Donda Ndugu, Bila "La"

Mama yangu hamwulizi mgonjwa, "Umeelewa?" Anasema hilo ni swali la bure, kwa kuwa jibu lake ni moja tu, "Ndiyo," na aliyelijibu huenda nyumbani akameza vidonge vya wiki nzima kwa siku moja. Yeye akishamaliza kueleza huketi, hukunja mikono juu ya mapaja, humtazama mtu usoni na kuuliza, "Haya, umesikia nini?" Hapo mgonjwa hana pa kujificha. Lazima arudie kwa maneno yake mwenyewe, na mama asikilize neno limefikaje kule lilikokwenda.

Jina lake ni Isabela, lakini katika zahanati anayofanyia kazi, njia ya kwenda Mnyambe, watu wanamwita Mama Witness. Huyo Witness ndiye mimi. Nilifika pale nikiwa mgongoni, mama alipohamishiwa kutoka kwao Masasi, na sasa nafundisha baiolojia sekondari hukohuko Masasi. Jina langu limefika kila kijiji cha Newala kabla yangu. Watu ambao hawajawahi kuniona huniuliza kama kile kikohozi nilichokuwa nacho darasa la pili kilipona.

Nikiwa likizo hukaa na mama kwenye chumba cha vidonda nikimsaidia kukunja bandeji, na nimesikia mengi. Mzee mmoja wa bondeni aliambiwa presha yake imepanda. Akajibu kwamba lazima ipande, maana amepanda nayo mlima tangu alfajiri, ila jioni akishuka nayo itashuka. Hakuwa anatania. Baba mwingine, mwendesha bodaboda, alipewa karatasi ya maabara akaambiwa matokeo yake ni hasi. Akasimama, akafoka kwamba yeye ana watoto wanne na mama yao yuko hai, akaulizwe. Kumbe kwao wanafuga mbuzi, na beberu aliyehasiwa ni beberu aliyemaliza kazi. Tabibu wetu Kelvin, kijana mpole kutoka Bukoba, alibaki mdomo wazi na karatasi yake mkononi. Mama ndiye aliyemtuliza yule baba, na tangu siku hiyo Kelvin husema, "Vijidudu havikuonekana."

Maneno hayo yote mama huyaandika. Ana kauntabuku moja kubwa, mgongo wake umefungwa kwa plasta ya hospitali, na kila ukurasa umepewa neno moja. Safura, kaandika, ni Kiarabu, umanjano, kwa sababu aliyeishiwa damu kwa minyoo hupauka akawa wa manjano. Malaria ni Kitaliano, hewa mbaya, na chini yake kaongeza kwa kalamu nyekundu: "Hewa haina kosa. Ni mbu." Saratani ni Kiarabu tena, maana yake kaa, yule mdudu wa pwani mwenye magando, kwa vile uvimbe hutanua miguu pembeni. Hapo kaandika: "Sijawahi kumwona kaa." Degedege, kwamba mtoto hutapatapa kama ndege aliyenaswa, na kwamba wapo wazazi waliomkatalia sindano kwa sababu ya jina hilo, wakiamini ndege akichomwa huruka moja kwa moja na roho ya mtoto. Kwenye pepopunda kaandika mstari mmoja: "Pepo sawa, punda kaingiaje? Huku hatuna punda."

Mimi humtania. Humwambia kwamba mimi niliyesoma chuo kikuu sina daftari kama lile, na kwamba nusu ya yaliyomo hakuna profesa atakayeyatia sahihi. Yeye hanijibu haraka. Siku moja aliniambia, "Wewe unafundisha mtu wa mtihani. Akikosea anapata sifuri. Mimi nafundisha mtu anayeumwa." Liliniuma, maana lilikuwa kweli.

Lakini ukurasa mmoja ulikuwa na kichwa tu. *Donda ndugu*. Chini yake hakuna kitu, na karatasi yenyewe imechakaa kuliko nyingine, kama ukurasa uliofunguliwa mara nyingi na kufungwa bila kazi. Nilipokuwa msichana nilimuuliza, akasema, "Hilo bado." Nikadhani hajapata maana yake. Juni iliyopita ndipo alipoketi akanieleza, na aliponieleza nilitamani nisingeuliza kwa utani miaka yote ile.

Ilikuwa hivi. Miaka ishirini na minne iliyopita, mama akiwa mgeni kabisa pale, walikuwapo ndugu wawili, mama mmoja baba mmoja, wakikaa kiwanja kimoja na kulima shamba moja la mikorosho. Mkubwa ni Zabroni. Mdogo ni Bartholomayo. Walipendana kiasi cha kuchekwa. Bartholomayo alipopelekwa jando, Zabroni ndiye aliyekuwa mlezi wake kule porini, akimwosha na kumfunga kidonda mpaka alipopona. Hata walipokuwa watu wazima wenye wake zao, bado walikula sahani moja.

Siku moja wanasafisha chini ya mikorosho, panga la Zabroni likagonga kisiki, likateleza, likamkata mdogo wake kwenye ugoko wa mguu wa kushoto. Halikuwa jeraha kubwa. Wakalifunga kwa majani, wakaendelea na kazi. Wiki ya tatu jeraha lilikuwa shimo, kingo zimeinuka na nyama ya ndani imekuwa kijivu, na Zabroni akampakia mdogo wake kwenye baiskeli, akaisukuma hadi zahanati.

Mama alifungua yale majani, akatazama, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti anayosemea "kesho kuna kliniki": "Hili sasa ni donda ndugu." Kisha akageuka kwenda kunawa mikono.

"Nilisema neno nikaenda kunawa mikono," aliniambia. "Niliporudi Zabroni alikuwa ameshatoka nje, kaziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani ni harufu. Watu wengi hutoka kwa ajili ya harufu."

Haukupita mwezi, Zabroni alikuwa amehama. Alichukua mke na watoto wakaenda Mkunya, kwao mke, akaacha nyumba na mikorosho yake. Mama hakujua sababu, hadi siku alipokuwa kwenye foleni ya maji pale bombani akasikia wanawake mbele yake wakisema kwamba huyu nesi mgeni ana macho. Alimtazama yule mgonjwa mara moja tu akamjua aliyemwumiza, akasema waziwazi: donda la ndugu. "Kikulacho ki nguoni mwako," mmoja akamalizia, na ndoo ikasogea mbele.

"Mimi sikusema 'la'!" mama aliniambia, na baada ya miaka ishirini na minne alikuwa bado anajitetea kama yuko mbele ya mwalimu. "Nilisema donda ndugu. Ndilo jina lake. Hata kitabuni limeandikwa hivyo."

Kwa nini basi hakuwaambia siku ileile? Nilimuuliza hivyohivyo, na sikumuuliza kwa upole. Alisema alikuwa mgeni, kijana, Mmakua wa Masasi katikati ya Wamakonde, na aliogopa kufukuzwa kazi. Aliamini kwamba Bartholomayo ndiye aliyekasirika akamfukuza kaka yake, na kwamba akiligusa atalifungua upya. Halafu kuna ile methali, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Akachukua jembe. Mwaka ukapita, ukawa miwili, na kadiri ilivyopita ndivyo ilivyokuwa aibu zaidi kuanza. Kitu alichofanya badala yake ni kuacha kuuliza "umeelewa", na kununua kauntabuku.

Bartholomayo mwenyewe ameendelea kuja kwake miaka yote hiyo. Donda hilo hufunga, likakaa miezi, likafunguka tena. Mama amelifunga mara ngapi, hakuna anayejua. Huzungumza habari za mvua na salfa ya mikorosho na mjukuu mpya, na jina la Zabroni halitajwi, wote wawili wakilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la choo cha zamani.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Kingo za lile donda zilianza kuwa ngumu, Kelvin hakuzipenda, akampeleka hospitali ya misheni Ndanda. Daktari wa kule alimpima akasema bado hapajaharibika, lakini halifai kungoja tena. Atachukua ngozi ya paja aipande juu ya donda. Aje Jumatatu ya wiki inayofuata, na aje na ndugu wa kumuuguza, kwa sababu atalala wiki tatu mguu ukiwa juu, haruhusiwi kukanyaga, na akirudi nyumbani lazima awepo mtu wa kumwosha na kumfunga kila siku kwa miezi. Pasipo mtu huyo ngozi haitashika. Na isiposhika, safari nyingine itakuwa ya kukata mguu chini ya goti.

Bartholomayo alirudi kumweleza mama. Mke wake amefariki. Mwanawe Agnes yuko Nachingwea na amejifungua juzi.

"Basi, nesi," akasema. "Mimi sina ndugu. Wakitaka kukata wakate."

Alisema bila hasira, akavaa kandambili yake, akaenda. Hiyo ilikuwa Jumatano. Mama alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaketi jikoni na sare yake ya kazi mwilini, akanieleza yote niliyokueleza. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwondolea ndugu. Kesho nakwenda Mkunya."

Jioni ile alitaka maana ya lile jina. Alitaka ya uhakika, ya kumpelekea mtu mkononi. Nilitafuta kwenye kamusi yangu, ikasema ni kidonda kikubwa kisichopona upesi, basi, ndugu kaingiaje haikusema. Tulimpigia padre, akasema amesikia kwamba huitwa hivyo kwa kuwa donda moja huzaa jingine kando yake, yakawa ndugu. Mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili alisema hapana, ni kwa sababu halikuachi, nawe huwezi kuliacha, ndugu hatalikiwi. Kelvin alisema yeye anajua bakteria tu. Mimi nikamwambia mama ukweli, kwamba majina mengi ya magonjwa yametungwa na watu waliokwisha kufa bila kuandika walikuwa wanafikiri nini, na kwamba huenda hakuna anayejua.

"Zabroni hataki kamusi," mama akasema hatimaye, akafunga daftari. "Nitakwenda na nilicho nacho."

Tulifika Mkunya asubuhi, ukungu bado uko chini ya mikorosho. Nyumba ya Zabroni tulionyeshwa mara moja. Tulimkuta uani, mtu mrefu wa miaka kama sitini na tano, amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo kwa kisu kidogo cha jikoni.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Kisha akamwona mama nyuma yangu, na kisu kikasimama. Alimtambua. Akainuka akamwita mkewe alete mkeka, na kabla hatujakaa akauliza, "Amekufa?"

"Hajafa, Baba Dauda," mama akasema. "Yu mzima."

Zabroni akakaa. Nilimwona anavuta pumzi. Mama alikuwa amepanga maneno yake njiani, nilimsikia akiyanong'ona nyuma ya bodaboda, lakini yote yakampotea akasema hovyohovyo: kwamba yeye ndiye nesi wa siku ile, kwamba alisema jina la ugonjwa tu, kwamba ni jina kama surua lilivyo jina, linaitwa hivyo hata kwa mtu aliyezaliwa peke yake, hata kwa aliyejikwaa kwenye jiwe, na kwamba halimtaji mtu yeyote. Kwamba hakusema "la". Kwamba anaomba msamaha, kwa sababu alisikia watu wanavyolisema akanyamaza, na Baba Agnes akamfukuza kaka yake bila kosa.

Zabroni alisikiliza hadi mwisho. "Nani amenifukuza?" akauliza.

"Baba Agnes," mama akarudia.

"Bartholomayo hajanifukuza. Mimi nilijiondoa." Alizungumza polepole, akiutazama muhogo. "Wewe ulisema, nesi, nami nilisikia. Sikukukasirikia. Niliona umeona kweli. Panga lilikuwa langu, mkono wangu. Nikasema kumbe donda hili linakula kwa sababu yangu, nikikaa karibu halifungi. Ndiyo maana nikahama. Na ni kweli! Nilipohama lilifunga miezi minane, sikudanganyi. Nikaja siku moja tu, kumzika mama yetu, nikasimama mbali kule barabarani, wala sikumsogelea. Wiki hiyohiyo likafunguka. Nikasema basi. Sikurudi tena."

Nimefundisha mbinu za kisayansi miaka mitatu sasa, namna ya kuchunguza, kudhani, na kujaribu. Mzee huyu alikuwa amefanya vyote hivyo peke yake, kwa uangalifu, na jibu alilopata lilimnyang'anya ndugu yake.

Nikatazama uani. Hapakuwa na panga popote. Baadaye mkewe alituambia kwamba tangu wahamie pale mumewe hajashika panga, shamba lao husafishwa na vibarua, na watu wa Mkunya wanamwona mzee mwenye maringo. Lakini habari za donda anazo zote. Kila anayetoka upande wa Mnyambe huulizwa. Alituhesabia mwaka lilipokuwa kama kiganja, mwaka lilipopungua likawa kama kifuniko cha soda, na mwezi Agnes aliposema linatoa maji.

Mama alikuwa ameweka mkono shavuni. Ghafla akaushusha. Niliujua uso ule, ni uso wa chumba cha vidonda.

"Wiki ya mazishi," akasema. "Sikiliza, Baba Dauda. Wiki ile ya mazishi ya mama yenu nilimfunga mimi. Alikuwa anachimba muhogo wa kulisha waombolezaji, peku, mguu ukateleza, mti ukamchoma palepale pa zamani. Nilitoa kibanzi hiki kwa koleo." Akaonyesha urefu wake kwenye kidole. "Na kabla ya hapo halikufunga kwa sababu umehama. Lilifunga kwa sababu nilimdunga sindano siku kumi mfululizo, akalia kama mtoto. Kadi yake ninayo. Niliandika mwenyewe."

Kuku mmoja alikuja akadonoa ganda la muhogo miguuni pa Zabroni.

"Peku," Zabroni akasema.

"Peku. Na nilimgombeza."

"Huyo tangu utoto hapendi viatu," akasema, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Halafu akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka yote ile. "Na nikimgusa?"

"Ukimgusa, nawa mikono kwanza kwa sabuni," mama akasema. "Hakuna sharti jingine."

Mama akamweleza habari ya Ndanda, Jumatatu, wiki tatu, na goti. Hakumbembeleza. Zabroni aliinuka akaingia ndani kutafuta shati.

Najua wapo wasomaji wanaoruka kurasa kutafuta mwisho, kwa hiyo nawaondolea taabu: mguu haukukatwa. Ngozi ilishika, isipokuwa mahali pamoja padogo kama ukucha wa kidole gumba. Lakini hilo lilikuwa baadaye, na mimi ninataka kueleza Alhamisi ileile, alasiri, tulipofika kwa Bartholomayo na bodaboda mbili.

Alikuwa amekaa barazani, mguu kauweka juu ya ndoo iliyofudikizwa, anachambua kunde. Zabroni alishuka akasimama barabarani, palepale nadhani aliposimama siku ya mazishi, akashindwa kusogea. Mama alitaka kusema kitu. Nikamshika mkono, kwa mara ya kwanza maishani nikamnyamazisha mama yangu.

Bartholomayo akatazama kwa macho madogo ya mtu aliyepungukiwa macho.

"Nnongo wangu?" akaita. Kwao ndivyo anavyoitwa ndugu.

"Ndimi."

"Sasa umesimama barabarani unauza nini?"

Zabroni akaja. Waliposhikana mikono hawakuachana, wala hawakusema lolote la maana. Mmoja alisema umezeeka, mwingine akasema wewe ndiye mwenye mvi, mimi ni vumbi la njia. Ndipo Bartholomayo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hakumlaumu kwa kuondoka. "Lilikuwa linanuka. Siku ile zahanati nilikuona ulivyotoka nje umeziba mdomo. Nikasema amechoka, ana haki. Mke wangu mwenyewe alikuwa akilala upande mwingine."

Zabroni akamgeukia mama, mama akanigeukia mimi. Nikaona sote watatu tumelielewa kwa mara moja. Bartholomayo hakuwahi kulisikia lile neno. Maumivu yalikuwa yamemziba masikio siku ile, na yaliyosemwa baadaye bombani hakuna aliyethubutu kuyasema mbele yake. Miaka ishirini na minne mmoja amekaa mbali ili mwenzake apone, na mwenzake akidhani ni kwa sababu ya harufu. Nilimkasirikia mama. Nasema wazi, nilimkasirikia, na papo hapo nilimhurumia, maana alikuwa amesimama pale kwenye baraza ya watu na sare yake iliyofifia akieleza upya kila kitu, jina la ugonjwa, "la" ambayo hakuisema, foleni ya maji, bila kujifichia hata neno moja.

Bartholomayo alipomaliza kusikia alicheka. Alicheka mpaka kunde zikamwagika, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akaficha uso kwenye kiwiko. Zabroni akamwekea mkono begani.

Muda wa kufunga donda ulikuwa umefika. Mama alichemsha maji, akayatia chumvi, akayaacha yapoe. Halafu akamwita Zabroni, akamkabidhi sabuni. Alimwelekeza kila hatua: usiivute bandeji ikiwa kavu, ilowanishe kwanza itaachia yenyewe, anza katikati ukitoka nje, usirudi ndani, kilichogusa donda usikirudishe kwenye bakuli, funga kutoka chini kwenda juu, isikaze. Mwanzoni Zabroni alimtazama mama kila hatua. Alipofika kwenye kufunga hakumtazama tena, na nikakumbuka kwamba mikono hii iliwahi kumfunga mtu huyuhuyu, porini, kabla mimi sijazaliwa.

Alipomaliza, mama akaketi kwenye ukingo wa baraza, akakunja mikono juu ya mapaja.

"Haya, Baba Dauda," akasema. "Umesikia nini?"

Zabroni akarudia yote, moja baada ya jingine, hakuruka kitu. Maji ya chumvi, katikati kwenda nje, chini kwenda juu, mguu ulale juu kuliko moyo.

"Na jina lake?"

"Donda ndugu," akasema. Akainua kidole kama mtoto wa shule anayetaka kusifiwa. "Bila 'la'."

"Aa, mwache aiweke," Bartholomayo akasema, akiutazama mguu wake uliofungwa. "Miaka yote hii lilikuwa langu peke yangu. Sasa ni la ndugu."

Zabroni aliokota kunde zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Mama akainuka akasema anakwenda kunawa mikono, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji, na akakaa huko muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji.